Mboga ya Kuongeza Damu

Wadau, mwanangu alianza kusahau maneno.

La kwanza lilikuwa "maji". Tumpale, miaka minne, mtoto aliyekuwa anaongea kama redio, akawa ananyooshea kidole ndoo na kulia.

Kisha akasahau kuniita baba.

Tulikuwa tumehamia kiwanja kipya hapa Mpemba, karibu na Tunduma, mimi nikiziba tairi za malori barabarani. Mke wangu Jenista ni wa Isongole, kule Ileje, na kwao nyumba isiyo na bustani ni aibu. Akapanda mchicha. Aisee, ulistawi hadi wapita njia wakawa wanasimama kuuangalia.

Mtoto akazidi kukonda, tumbo linamkata. Zahanati wakapima, wakasema damu imepungua, ale mboga za majani kwa wingi.

Mama mkwe, Bibi Tukuswiga, akaja kutoka Ileje. Akamtazama mjukuu, akauliza swali lililonitoa jasho.

"Nyumba moja, chungu kimoja. Kwa nini anaumwa huyu peke yake?"

Jibu lililotujia lilikuwa moja tu: mkono wa mtu. Na mtu huyo tukamwona ni jirani yetu Gwantwa, mjane asiye na mtoto, aliyependa mno kumbeba Tumpale. Tukakata salamu. Akija, tunafunga mlango. Nilimchukia kwa moyo wote, siwafichi.

Siku Tumpale aliposhikwa na degedege, tulikimbilia hospitali kubwa. Daktari akatoa damu, ikapelekwa kupimwa mbali. Majibu yakarudi: mwili wa mtoto umejaa madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Yakiwa udongoni, alisema, mchicha huyavuta kwa mizizi na kuyalimbikiza hadi kwenye majani. Akauliza kiwanja chetu kilikuwa cha kazi gani zamani.

Sikujua. Mwenyeji wa kuulizwa pale alikuwa Gwantwa.

Nilisimama mlangoni kwake sina pa kuweka uso.

"Vijana walikuwa wanapasua betri za malori hapo na kuyeyusha," akasema. "Nilipoona mtoto anakonda nilikuja kuwaambia mboga za hapo msile, baba. Mkanifungia."



Niliporudi hospitali, daktari alikuwa anamuuliza Jenista nani hasa alikula mchicha ule.

"Mwanzoni wote," Jenista akajibu. "Baadaye sisi tulikula dagaa. Mchicha tulimwachia yeye, umwongezee damu."

Kila alipopauka, tulimjazia sahani.

Tumpale yu hai, anatumia dawa. Maneno yake, daktari hajaahidi.

Bustani hatulimi tena. Ila mvua zikinyesha, mchicha unajiotea wenyewe, kijani, mzuri kuliko wa soko zima la Tunduma. Jenista anaung'oa huku analia.

Ndugu zangu, kabla hujapiga jembe, uliza ardhi ilitumikaje, na anayekuja kukueleza usimfungie mlango.

Sisi mwanetu hatukumnyima kitu. Tungekuwa wachoyo, leo angekuwa mzima.