Mchambuzi wa Video Aenda Ukweni

Mugo ana kibanda cha kuuza muvi na nyimbo pale Shauri Moyo, na anayekwenda kujaziwa flashi lazima kwanza ahubiriwe. Video ya zamani ikianza, yeye huisimamisha katikati, mteja apende asipende.

"Cheki hapo," husema. "Kamera imeanza na miguu. Sura ya dem inacheleweshwa makusudi, ndio umtafute. Na ona, wote wamevaa rangi kali, yeye kijivu. Kwa video, kile unaonyeshwa wazi ni danganya toto. Stori iko pembeni."

Wateja humwita Profesa, wachache kwa heshima, wengi kwa sababu wana haraka. Nyawira, mchumba wake, alikuwa amekalia benchi la kibanda hicho miaka minne akimsikiliza. Siku moja alikuja amenyoa nywele zote, na Mugo akamweleza kwa kirefu matumizi ya kivuli katika video za enzi za kanda. Kwamba nywele hazipo, aligundua juma lililofuata.

Ikafika siku ya kupeleka mahari kwa kina Nyawira, Kayole. Desturi ya Wakikuyu ni kwamba wanawake kadhaa hufunikwa leso gubigubi, na mwenye kuoa amchague wake. Akikosea, ni faini na kicheko. Kwa Nyawira huo haukuwa mchezo.

"Ukinikosa mbele ya mama, Mugo, nitaumia kweli," alimwambia.

"Mimi nikukose? Na hiyo ndiyo kazi yangu?"

Sebuleni walisimama wanawake watano chini ya leso. Mugo akakunja mikono, akawatazama kama anavyotazama skrini. Chini ya leso ya katikati ukachomoza mguu, na kiatu chekundu alichomnunulia Nyawira yeye mwenyewe Krismasi. Kikatikiswa. Kikatikiswa tena, sasa kwa hasira kidogo.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Mugo alitabasamu kwa dharau. Kiatu chekundu, katikati kabisa, kwenye mwanga wa dirisha? Danganya toto hiyo. Macho yake yakahamia pembeni, kwenye leso ya kijivu iliyotulia kando ya pazia. Akaiendea kwa madaha, akaifunua.

Alikuwa shangazi Triza, mjane wa miaka sitini, aliyesimamishwa pale kuongeza idadi.

"Karibu, mume wangu," akasema, na sebule nzima ikavunjika mbavu.

Mugo naye alicheka, mpaka alipoitazama leso ya katikati. Kiatu kilikuwa kimerudishwa ndani. Mabega yalikuwa yanatetemeka, na si kwa kicheko. Aibu ikamshika. Akamwendea mbio, madaha yote yamemtoka, akafunua.

Macho ya Nyawira yalikuwa mekundu. "Kiatu hukukiona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikiona. Nikadhani ni mtego."

"Mtego wa nani, Mugo? Ni mimi nilikuwa nakuita."

Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza vigelegele, wajomba wakibishana juu ya mbuzi wa faini, na hakuna mwingine aliyesikia.