Mchele wa Juu ya Kopo

Jumamosi, sokoni Kasongo, nilikuwa nyuma ya Mjerumani mmoja mwenye mvi aliyekuwa akinunua mchele. Mama muuzaji alijaza kopo, kisha akarundika kilima juu yake. Mzee akachomoa kalamu, akakifagia kilima chote kikarudi ndani ya beseni.

Wanawake wa meza za jirani wakageuka kumtazama, na mama muuzaji akamuuliza:

"Baba, unakatala nyongeza yangu? Nimekukosea nini?"

Mzee akaona haya. Akaeleza, kwa Kiswahili cha polepole, kwamba alifundisha uchumi miaka mingi, kisha akaingia gazetini, akawa anaandika juu ya wakulima wanaopunjwa kwa vipimo vinavyorundikwa bila kulipiwa.

"Sikutaka kukupunja, mama."

Mama akalainika. "Aksanti, baba. Lakini unalipa kopo tu. Ile ya juu hatuuzishake, iko ya bure, ya kukuita urudi tena."

Mzee akafungua daftari, akalifunga bila kuandika neno, akasukuma kopo mbele. Safari hii mama akarundika kilima hadi kikamwagika mezani.

Mimi hununua kwa mama huyo kila juma. Kopo la pale sokoni ni lile lile kwa kila muuzaji, na sijawahi kurudi kwake kwa ajili ya kopo.