Njiwa wasielekee chini: Djamila na mkasi wa baba yake

Chaki inafika ukingoni mwa kitambaa, na nguo ya tano bado haijachorwa.

Djamila Hamadi anarudi mwanzo wa meza. Anapima upya kwa utepe, kisha kwa shubiri, kana kwamba vidole vinaweza kuona kitu ambacho utepe haukukiona. Jibu ni lile lile. Kitambaa kimepunguka.

Ni Alhamisi asubuhi, Juni 2001, katika kibanda cha ushonaji mtaani Tshopo, Kisangani. Mkasi umelala mezani, umefumba. Djamila ana miaka kumi na tisa. Amekua akiusikia mkasi huo, lakini hajawahi kukata nao nguo ya mteja.

Katika ukoo wao wa mafundi, kushona ni kazi ya watoto na kukata ni kazi ya mtu mzima. Anayeshona akikosea, hufumua. Anayekata akikosea, hulipa. Wala mkasi haupokewi mkononi. Mwenyewe huuweka mezani na kuondoka, na atakayeuokota amekubali kwamba tangu saa hiyo lawama ni zake.

Leo asubuhi baba yake, Papa Hamadi, aliuweka mezani.

Juni ya mwaka jana, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya mji, kipande cha bomu kilimpasua kiganja cha kulia. Jeraha limefunga, ila vidole havikunji tena. Mwaka mzima amekuwa akiwarudisha wanaoleta vitambaa vipya, na kibanda kimeishi kwa viraka.

“Siku ya muzuri tunakula mchele na makayabu, samaki ya chumvi,” anasema Djamila. “Siku ingine ni sombe tu, majani ya muhogo bila mafuta.”

Kazi ya leo ndiyo ya kwanza tangu wakati ule, na baba yake alimweleza mapema maana yake.

“Papa alisema, ikiharibika hii, hakuna mutu ataleta kitambaa ingine hapa. Tutauza mashini, twende kwa ndugu yake, tonton Zuberi, kule Isangi.”

Mnunuzi ameshakuja kuiangalia mashine hiyo. Aliikanyaga pedali, akasikiliza, akasema atarudi.

Papa Hamadi amekaa kwenye kigoda mlangoni, mgongo kwa meza. Ukimuuliza kwa nini haangalii, anajibu polepole: “Nikiangalia, nitasema. Nikisema, itakuwa ni mimi nimekata.”

Kitambaa ni cha Mama Kaswera, mjane anayeuza chumvi na sabuni sokoni. Mumewe, Paluku, aliuawa na bomu uani kwao katika siku zile zile za Juni. Jumapili hii, katika misa, familia itatoa matanga, yaani itamaliza mwaka wa kuomboleza na kuvua nyeusi. Desturi ni kwamba nyumba nzima iingie kanisani ikiwa imevaa kitambaa kimoja: mjane, mama mkwe wake na wifi yake Wivine, pamoja na vilemba vyao, na wavulana wawili, mdogo wao Osée.

Hakuna pa kupata kingine. Meli za Kinshasa hazipandi tena mto tangu vita viukate. Hiki kilikuja kwa ndege kutoka Goma, kipande cha mwisho kwa muuzaji wake. Ni cha samawati, chenye njiwa weupe wanaopaa.

Njiwa hao ndio shida. Kitambaa kingekuwa cha maua tu, fundi angegeuza vipande huku na huku vikabanana na kutosha. Ndege wana kichwa na miguu. Mtaani bado wanamcheka mzee mmoja aliyeshonewa shati la jogoo walioelekea chini. Kila alikopita vijana walimwita: “Papa, ulinunua nguo ao kuku ya soko?” Maana kuku wa sokoni hubebwa hivyo, miguu juu.

“Papa,” anaita Djamila. “Kitambaa imepunguka.”

Kigoda kinalia. Mgongo haugeuki.

“Nimesikia. Mwenye makasi anafanya nini?”

Anaweza kubana kila nguo kidogo na kunyamaza. Anaweza kugeuza shati la mtoto mdogo na kuomba Mungu watu wasitazame. Badala yake anafuta mikono, anatoka na kupanda toleka, baiskeli ya abiria, kwenda sokoni.

Anarudi na Mama Kaswera mwenyewe, amevaa nyeusi kuanzia kilemba hadi viatu. Mjane anampita Djamila na kusimama mbele ya kigoda.

“Papa Hamadi, huyu mutoto anasema nini? Mimi nilinunua ya kutosha!”

“Uliza fundi, mama.”

“Fundi iko wapi?”

Mzee anaelekeza kwa kidevu, nyuma yake.

Djamila anatandaza utepe juu ya kitambaa ili mteja ajionee.

“Mama, nani alikupimia?”

“Muuzaji. Na mukono yake.”

“Alikuwa na mukono mufupi.”

Mama Kaswera hacheki. Djamila anaendelea. “Bon. Shimizi ya Osée inaweza kutoka, lakini njiwa itaangalia chini.”

“Chini? Siku ya baba yake? Batu waseme tunapeleka kuku soko?”

“Ao niondoe vilemba. Ya bamama wote. Hata yako.”

Mjane anainua mkono na kugusa kitambaa cheusi kichwani.

“Mama mukwe atanuna,” anasema hatimaye. “Anune. Hii nyeusi iko hapa mwaka muzima, hata nikilala. Ondoa vilemba. Kichwa ikule upepo.”

Mlangoni anageuka. “Lakini ukiharibu, Djamila, sitakuja kwa papa yako. Nitakuja kwako.”

“Njoo kwangu, mama.”

Ndipo anauokota mkasi.

Anaanza na shati la Osée. Lori la askari linapita kuelekea kambi ya Kapalata, meza inatetemeka, mtaa wote unanyamaza. Mkasi uko wazi katikati ya njiwa. Hauendi mbele, haurudi nyuma. Lori linapotea, na vyuma vinalia tena, taratibu.

Alasiri, nguo nne zimekatwa na kufungwa, kila moja fungu lake. Ya mjane bado imelala mezani, imechorwa tu. Watu wanaanza kukimbilia nyumbani kabla ya giza.

“Hiyo nitaikata kesho, mukono ikiwa haijachoka,” anasema. Kufikia Jumamosi, nguo zote lazima ziwe zimeshonwa. Zikimpendeza Mama Kaswera, Djamila anataka kuomba kazi ya sare za shule za mwezi wa tisa, na mnunuzi wa mashine aambiwe asirudi.

Kila jioni Papa Hamadi huviringisha mkasi katika kitambaa na kwenda nao nyumbani. Leo anaupita na kuuacha mezani. Anachukua ufagio, kazi ambayo imekuwa ya Djamila tangu utoto, na kufagia kwa mkono wa kushoto, akiacha mistari sakafuni. Binti anataka kumpokea ufagio. Anajizuia.

“Papa, vipande vya njiwa usitupe.”

Mzee anainuka, vitambaa vimejaa kiganjani.

“Niviweke wapi, fundi?” anauliza.