Jicho Lililolala Katika Mchezo wa Dada Vioo

Saa mbili na robo asubuhi, Dada Vioo anafungua dirisha la kibanda chake, anapangusa meza kwa kitambaa chenye spiriti na kumwita mteja wa kwanza. Mteja ananyoosha simu iliyopasuka kioo, anaanza kueleza ilivyoanguka. Fundi anamkatiza kwa upole.

"Hii ya nani?"

"Ya mke wangu."

Anakata kipande cha utepe wa karatasi, anaandika jina la mke na kukibandika mgongoni mwa simu. Ndipo anapouliza ugonjwa. Katika miaka tisa ya ufundi hajapokea simu bila swali hilo. "Simu isiyo na mwenyewe ni balaa lililovaa kava," anasema.

Ajabu ni kwamba swali hilohilo hakujiuliza alipokuwa akitengeneza mchezo wake.

Siku njema hutengeneza simu tisa, siku mbaya nne, na kodi ya kibanda hula kazi ya siku sita kila mwezi. Katikati ya wateja, kwenye kompyuta kuukuu aliyoifufua mwenyewe, mwanamke huyu wa miaka thelathini na mmoja alijifunza kuandika programu. Kwa miezi kumi na minne amekuwa akiunda mchezo wa simu. Mchezaji ni kinyozi, na lazima amalize kunyoa wateja kabla umeme haujakatika. Ukikatika, mteja anaondoka na nusu kichwa na maneno makali.

Wateja hao walikuwa vichwa ishirini na vinne, na kuchora hakujui. "Nikichora mtu, watu huniuliza ni kiazi cha aina gani," anasema. Basi akaokota picha. Kumi na tisa alizitoa mtandaoni, tano alizipiga kwa simu kwenye mabango ya mitaani. Kisha akazifanyia ufundi: akabadili rangi, akapachika ndevu, akageuza kulia kuwa kushoto.

"Niliziona kama simu," anaeleza. "Nikibadilisha kioo, betri na kava, kimebaki nini cha zamani?"

Wa kwanza kuujaribu mchezo alikuwa kinyozi wa kibanda cha jirani. Alinyoa vichwa vinne akasimama.

"Dada, huyu namfahamu. Nampita kila siku ukutani kwa Mzee Brashi."

"Wa ukutani hana ndevu."

"Ndevu huota. Nguo ya kuazima haisitiri matako, dada yangu."

Mzee Brashi ni mchora mabango wa mtaa wa pili, umri miaka sabini na miwili. Kesho yake alifika bila kuitwa, habari amezipata kwa kinyozi, kofia imejaa madoa ya rangi. Aliitikia shikamoo, akavaa miwani, akainamia skrini. Akakifuata kichwa kimoja kwa kidole, kutoka ndevu hadi kope, huku fundi akihesabu skrubu mezani.

"Umemgeuza," alisema. "Jicho lililolala limehamia kulia. Lakini usingizi ni uleule."

Kichwa kile ni cha shemeji yake, mdogo wa mkewe. Miaka kumi na minane iliyopita aliketi achorwe, akaanza kusinzia. Kope moja ikashuka, na mzee akachora alichokiona.

"Niliongeza ndevu, mzee," fundi alijitetea. "Nikaona kimekuwa kitu kingine."

"Mwanangu, nikikuletea simu yangu, ukaibadilisha kioo, betri na kava, utaipeleka kwako?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

"Ni yako."

"Basi."

Somo la hakimiliki lilikuwa fupi hivyo. Gharama yake ndiyo iliyokuwa ndefu. Siku ile ilikuwa Jumatano, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka michezo kwenye maonyesho ambako washindi hupewa mwaka mzima wa mafunzo. Fomu yake ilikuwa imejaa, isipokuwa kipengele kimoja: picha zote ni zako, au una idhini ya wenyewe? Mchezo ukikutwa na picha ya wizi huondolewa, na aliyeuleta hapokelewi tena.

"Nani atajua?" kinyozi alimshawishi.

"Wewe umejua kwa vichwa vinne."

Alichapisha picha zote, akachukua utepe wake. Hii ya nani? Za mtandaoni zilimshinda. Nane hazikuwa na dalili yoyote ya mwenyewe. Kwa nyingine aliandika barua pepe kumi na moja, akapata majibu mawili, moja likisema hapana na jingine tutakujulisha. "Picha ya ukutani ina mlango wa kubisha hodi," anasema. "Ile nyingine hata ukuta wake siuoni." Akazifuta zote kumi na tisa. Ijumaa ikapita, fomu ikabaki mezani.

Zile tano za mabango, zote kazi za Mzee Brashi, aliziendea kwa hodi. Mzee alikubali kwa maandishi, kwa masharti mawili: jina lake litangulie mchezo, na fundi aende kila Jumamosi kujifunza brashi. Akaongeza kwamba uso una mwenyewe pia: vinne vingine alivibuni tu, lakini shemeji aulizwe.

Shemeji, mlinzi mstaafu, hakupendezwa. "Mfumbueni hilo jicho. Watu watasema nililala kazini."

"Kwani hukulala?" aliuliza Mzee Brashi.

"Nililala kwako, shemeji. Si kazini."

"Picha yangu haiguswi."

Fundi ndiye aliyewapatanisha: mzee achore kichwa cha pili, macho wazi. Mchezaji akimaliza kunyoa kabla ya giza, mteja ataamka.

Jumamosi hii shemeji ameketi tena kwenye kiti kilekile, amekunywa chai mbili kujihami na usingizi. Mzee anachora. Pembeni yake, ulimi umetoka kidogo, Dada Vioo anachora kichwa chake cha kwanza.

"Kiazi," mzee anasema bila kugeuka. "Lakini kina masikio."

Maonyesho mengine ni baada ya miezi minane, na vichwa kumi na tisa bado havijazaliwa. Hilo halimtishi. "Nataka niupeleke mchezo ambao mtu akiniuliza hii ya nani, nitamjibu bila kumeza mate," anasema.

Anakata kipande cha utepe, anaandika jina lake na kukibandika nyuma ya kile kiazi.