Vibanio vya Namba Tisa

Mama anayefua jezi za timu yetu ya Mkata huanza na kola, akizisugua kwa vidole vilivyochubuliwa na sabuni, kisha huzianika kwa mpangilio wa namba, moja hadi kumi na moja, kama mwalimu anayeita majina. Hashangilii. Tukipita na ngoma husema tu, "Msinitimulie vumbi." Alhamisi, siku tatu kabla ya mechi ya mtoano dhidi ya Korogwe, alianika kumi. Kati ya nane na kumi aliacha nafasi, na kwenye kamba vibanio viwili vitupu. Mwinjuma, kiongozi wetu wa ushangiliaji, alisimama na wenzetu chini ya nafasi hiyo akipayuka, "Kuntai atawafunga tatu peke yake!" Nikamuuliza mama kwa sauti ya chini jezi ya Kuntai, namba tisa wetu, iko wapi.

"Kairudisha jana, safi, imekunjwa. Kapanda basi la Korogwe, atawachezea wao," akaninong'oneza.

Mwinjuma akamgeukia. "Mama, nawe tuimbie basi!"

Akakung'uta maji mikononi. "Imbeni, wanangu. Kuimba hakutaki mshambuliaji."

Wenzangu wakacheka bila kujua, wakaongeza sauti. Nami nikaimba nao.