Nilimchekesha Hedimani, Baba Akarudia Chupa

Kosa ni langu, msomaji, wala usinitafutie wa kugawana naye. Mdomo huu ndio uliomrudisha baba yangu kwenye pombe.

Shuleni mimi ndiye ninayemwiga mwalimu akipiga chafya. Nikinyamaza kidogo naulizwa kama naumwa. Basi!

Baba alikuwa mlevi wa kuletwa nyumbani kwa toroli. Kisha akaacha, peke yake. Katekista akamletea kadi ya kuahidi kanisani kwamba hatakunywa tena. Baba akasema, "Mungu nitamsumbua kwa mengine." Wazee wa ukoo wakataka achinjiwe mbuzi, alaaniwe akionja tena. "Mbuzi amekosa nini?" akawauliza.

Dawa yake ilikuwa muwa, ule ule tunaopikia pombe. Ikifika saa kumi, saa ya kiu, anakaa mlangoni, anamenya kwa meno, anatafuna mpaka kiu ipite. Nikamwambia, "Baba, wewe unaila pombe kabla haijaiva." Akacheka mpaka makapi yakamtoka puani! Miezi saba hivyo. Mama akaanza kuimba jikoni.

Lakini hii ni Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Huku Embu kila mtu anajua watu wa msituni, wanaopigana na serikali, wamekataza bia ya Wazungu. Anayeiacha ghafla, serikali inamdhania ni mmoja wao.

Jumamosi moja tulikuwa tunachimba mtaro kwa amri, wanafunzi na wazazi. Nikapanda juu ya udongo, nikatoa sauti ya katekista. "Baba yangu hajaokoka! Hakuchinjiwa mbuzi! Nani basi amemkataza bia? Ni jenerali wa msituni!"

Watu wakacheka, kisha wote wakainamia majembe mara moja. Hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa nyuma yangu.

"Rudia, kijana."

"Ni mzaha tu, mzee."

"Mzaha mzuri. Twende tukamsimulie baba yako."

Baba akachukuliwa, nami nikiwapo, hadi kambini kwa homugadi, walinzi wa kijiji walio upande wa serikali, nao wakaweka chupa ya bia mezani. "Kama hujala kiapo cha msituni, kunywa tuone."

Baba akasema ameacha kwa hiari yake. Wakacheka kuliko watu wa mtaroni! "Hakuna mtu anayeacha pombe bure," akasema hedimani. Nje lori la kupeleka watu kizuizini lilikuwa linanguruma.

Baba akanitazama. Akanywa.

Ole wangu! Chupa ya kwanza ilimwepusha na lori. Ya pili aliiomba mwenyewe.

Sasa kila saa kumi namkatia muwa, naweka mlangoni. Unakauka. Juzi nilimpigia magoti ajaribu tena, nikaapa kufunga mdomo. Akasema, "Nikiacha tena, mwanangu, watanichukua kweli."

Mama haimbi.

Wachekeshaji wenzangu, mtu wenu akipata njia yake ya kuacha, hata iwe ya kijinga kama kutafuna muwa, msiitoe nje! Chekeni nyumbani, mlango umefungwa, naye akiwapo acheke nanyi. Baba yangu alikuwa anacheka.