Niliihukumu Hadithi Niliyowalisha Mchwa

Nimekosa! Nalisema mapema kabla sijaanza kutafuta pa kujificha. Jina langu nimelizuia kwa kuwa bado nafanya kazi Diani, ingawa watu wa kantini yetu wakisoma hapa watanitambua tu. Na wanitambue. Jambo hili nikizidi kukaa nalo kifuani litanimaliza.

Mimi ni mtu wa vitabu. Kazi yangu ni kutandika vyumba hotelini, lakini ukifika getini ukaulizia jina langu halisi, askari atakwambia hamjui mtu huyo. Ulizia Profesa. Jina hilo walinipa wenzangu, nami nililipenda, astaghfirullah, kuliko lile nililopewa na marehemu baba.

Ilianza hivi. Wageni wakiondoka huacha vitabu vyumbani, na msimamizi wetu aliniruhusu kuvichukua. Vya Kiswahili nilivinunua mwenyewe Mombasa kila nilipovuka feri. Nikimaliza kitabu naandika maoni yangu kwenye karatasi, naibandika kwenye ubao wa kantini ya wafanyakazi, kando ya orodha ya zamu. Wapishi, askari, watu wa bustani, wote walisoma karatasi yangu kabla ya kutazama zamu zao.

Na nilikuwa mkali! Riwaya moja mpya ya upelelezi nilisema muuaji anajulikana ukurasa wa kumi, kurasa mia mbili zilizobaki mwandishi anatutembeza juani bure. Diwani moja nikasema orodha ya maneno magumu ni ndefu kuliko mashairi, bora angetuuzia orodha peke yake. Hadithi moja ya mapenzi niliisifu sana, kwa sababu mume na mke waligombana juu ya chumvi, nikajiona mle ndani mimi na mke wangu. Hivyo nilivisoma kweli, naapa.

Shida ni kwamba vitabu vilikuja upesi kuliko macho yangu. Nilivipanga sakafuni kando ya kitanda, na mwaka wa tisini na saba ulipofika katikati, rundo lilikuwa limenifika kiunoni. Nikileta kipya nakiweka juu. Nasoma cha juu, na cha chini kinazidi kwenda chini.

"Baba Ali," mke wangu aliniambia, "karatasi haziwekwi chini kwenye nyumba ya udongo. Wewe ni mzaliwa wa hapa, hilo nikufundishe mimi? Piga uchaga."

Nikamwambia kesho. Kusema kweli nilipenda wageni waingie walione rundo lile. Mlikuwa hata na kitabu kinene cha Kijerumani nisichojua kusoma hata jina lake.

Watu wakawa wanataka karatasi mpya kila wiki. Nikaanza ujanja! Nasoma jalada la nyuma, nasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kisha nabandika maoni. Nilikuwa na maneno yangu matatu ya akiba: imelegea, wahusika hawana damu, mwisho umeharakishwa. Hakuna aliyegundua. Otieno wa baa, kijana wa bara, alinipiga bega akasema, "Prof, hii ya leo umeichambua poa sana! Mimi hata sitasoma hiyo buku." Nami nikacheka, ilhali sikuwa nimeisoma mimi pia.

Sasa sikiliza kosa lenyewe.

Kwenye chumba cha mashuka palikuwa na mama mmoja mtu mzima, Bi Mwanamisi, mwenyeji wa Kikoneni. Hakuwa msemaji. Wenzake wakipiga soga saa ya chakula, yeye huenda pembeni na daftari lake, nasi tukidhani anaandika hesabu za foronya. Siku moja akaniita.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na nyumbani?"

"Hatujambo, twashukuru."

Akafunga mlango. Akatoa madaftari manne makubwa ndani ya foronya kuukuu, akaniwekea mikononi.

"Nimeandika hadithi," akasema, sauti chini. "Yapata miaka mitatu naiandika. Sijamwonyesha mtu, na nakala nyingine sina. Nimekuletea wewe kwa kuwa huoni haya kusema kibaya kuwa ni kibaya. Ikiwa haifai, niambie. Ikiwa yafaa, mpwa wangu yuko Nairobi, ataipeleka kwa wachapishaji."

Nikamwambia ni heshima kubwa. Nikaenda nayo nyumbani kichwa juu, Profesa mzima, sasa hata waandishi wananijia!

Siku ile rundo langu lilikuwa limeanza kuyumba. Madaftari yale yalikuwa mapana, yamelingana sawasawa. Nikalibomoa rundo, nikayalaza sakafuni yawe msingi, nikapanga vitabu vyangu juu yake. Ndivyo nilivyofanya. Mkono wangu unaoandika hapa ndio ulioyalaza.

Hakunisumbua hata mara moja. Alikuwa akiniuliza tu tukipishana, "Kusoma kwaendeleaje, mwanangu?" Nami namjibu, "Nimefika katikati, Bi. Patamu." Anatabasamu, anaendelea na mashuka yake. Miezi ikapita hivyo.

Ikaja mvua ile ya Elinino. Barabara zilikatika, wageni wakapungua, na nafasi ya kusoma nilikuwa nayo tele. Bado nilisoma cha juu.

Mvua ilipotulia, Ijumaa moja nimetoka msikitini, nikavuta kitabu katikati ya rundo. Likanijia mkononi jalada tupu. Rundo zima likabonyea. Mchwa! Walikuwa wametoka chini ya sakafu wakapanda, wamekula ndani wakaacha kingo tu, udongo umejaa mahali pa maneno. Vitabu vyangu sikuvitazama mara mbili. Nilipiga magoti nikachimba hadi chini kwa mikono.

Madaftari matatu yalikuwa udongo mtupu. La nne lilibaki kipande, na ndani yake kurasa mbili nzima. Nikazisoma pale pale sakafuni.

Mwanamke anatembea kutoka Kikoneni kwenda hospitali ya Msambweni, mtoto mgonjwa mgongoni. Njiani mtoto anaacha kukohoa. Mwanamke anaogopa kufungua leso atazame. Anajiambia amelala. Anaanza kuhesabu mikorosho, anajipa ahadi kuwa akifika wa ishirini atafungua, akifika anaongeza kumi. Anasalimiwa njiani, anaitika vizuri, anauliza hali za watu wa nyumbani, huku anahesabu moyoni. Ukurasa wa pili ukaishia kwenye mkorosho wa arobaini na tatu. Baada ya hapo ni udongo.

Nilipiga ukelele, mke wangu akaja mbio akidhani nyoka.

Hapo ndipo ningeweza kusimama kama mwanamume nikaenda kusema. Nilikuwa na usiku mzima wa kupanga maneno ya kuomba radhi. Kesho yake Bi Mwanamisi akanikuta ukumbini, kabla hajauliza lolote nikasikia mdomo wangu unasema, "Bi, nimemaliza. Haifai."

"Haifai vipi, mwanangu?"

Nikampa yale matatu. Imelegea. Wahusika hawana damu. Mwisho umeharakishwa. Alikuwa akiitikia kila moja kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa namna ya kumeza dawa.

"Ahsante kwa kuniambia kweli," akasema. "Basi usinirudishie. Itie motoni, nisije nikaiona tena."

Unajua nilihisi nini? Nilihisi nafuu! Moyo ulitulia. Nilikwenda nikatandika vyumba vinane nikipiga mluzi. Nikiukumbuka mluzi ule natamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo saa ya chakula Bi Mwanamisi alikaa na wenzake. Mikono mapajani, anasikiliza soga. Daftari sikuliona tena. Miezi ikaenda, nami nikiepuka meza yake, hadi siku moja nikakosa nafasi kwingine nikakaa nyuma yake, nikamsikia akiwaeleza wenzake habari za mjukuu wake, binti wa darasa la saba anayetaka kuandika hadithi.

"Nimemkataza," alisema. "Kwetu hatuna kipawa hicho. Sitaki apoteze miaka kama mimi. Yangu Profesa mwenyewe aliisoma yote, akaniambia."

Niliacha ugali wangu mezani. Nikamfuata chumba cha mashuka nikamwambia kila kitu. Msingi wa rundo, mchwa, uongo wangu wote. Alikuwa anakunja shuka, hakuacha.

"Ulisoma ngapi?"

"Kurasa mbili, Bi."

"Zipi?"

Nikamwambia zile za mikorosho. Hapo akaacha kukunja. Akakaa juu ya furushi la taulo.

"Zilikuwaje?"

"Bi, wallahi, mwaka huu wote sijasoma kitu kama kile."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Uliponiambia haifai, nilikuamini," akasema. "Leo waniambia ni nzuri, tena na machozi. Nami nitajuaje kama hili nalo si la kuninyamazisha tu?"

Nilimsihi aandike upya, akasema mzigo ule alikwisha kuutua, hana nguvu za kujitwika tena. Nikamwomba walau amruhusu mjukuu. Alinyanyua shuka, akanipa pembe mbili nishike, tukakunja mashuka yote yaliyokuwapo. Mwishoni mwa mwaka aliacha kazi akarudi kwao.

Ubaoni sibandiki tena. Otieno huniuliza, "Prof, vipi, umeishiwa?" Mwache aulize.

Nawaonya nyinyi mnaopenda vitabu, mnaosifiwa kwa kuvipenda. Mtu akikuletea alichoandika kwa mkono wake, amekuletea kitu asichonacho kingine. Kama hukukifungua, mwambie hivyo hivyo usoni, hata akununie mwezi mzima. Neno lenyewe ni fupi: sijasoma. Mimi Profesa lilinishinda kulitamka.